Puli ndogo, mkanda uleule: uchambuzi wa kisa cha Mini Cooper S iliyochoka ikipita mizunguko 5,000

Gari la kisa hiki ni Mini Cooper S ya mwaka 2004, ile inayojulikana kwa jina la R53: injini ya lita 1.6 yenye supachaja (pampu inayoisukumia injini hewa ya ziada), gia sita za mkono, kilomita 132,000 kwenye dashibodi. Kiwandani lilitoka na nguvu za farasi 163. Supachaja yake ni Eaton M45, inayozungushwa na mkanda kutoka kwenye puli (gurudumu la mkanda) ya kranki, shafti kuu ya injini. Kazi iliyofanyika ilikuwa moja tu: puli ya supachaja ilitolewa, ikafungwa nyingine ndogo kwa 15%. Mkanda ulirudishwa uleule, plagi zilibaki zilezile, na tenshena, mkono wa springi unaokaza mkanda, haikuangaliwa na mtu.

Siku za mwanzo gari lilikuwa jepesi, hasa kuanzia mizunguko 3,000 kwa dakika. Halafu dalili zikaanza kuja moja moja. Kwanza mlio mkali ukikanyaga mafuta gia ya pili injini ikiwa imepata moto. Kisha harufu ya mpira ulioungua. Kisha vumbi jeusi chini ya boneti, upande wa kulia, kuzunguka tangi la kulanti (maji ya kupoza injini). Mwisho ikaja dalili iliyolileta gari kwenye uchunguzi: likipita mizunguko 5,000 linachoka, kana kwamba dereva ameinua mguu. Mtu alikuwa ameshapulizia mkanda dawa ya kuzuia mlio. Mlio ukanyamaza siku chache, ukarudi mkubwa zaidi. Ushauri uliokuwa mezani ni kuandika upya programu ya kompyuta ya injini na kuweka nozeli kubwa za petroli. Ushauri huo haukuwa na kipimo hata kimoja nyuma yake.

Kilichopimwa

Kisoma data kiliunganishwa, gari likaendeshwa gia ya tatu, mafuta yamekanyagwa hadi chini kuanzia mizunguko 2,500 hadi 6,500. Presha ya hewa inayosukumwa ndani ya injini, ambayo kila fundi anaiita busti, ilisomeka hivi: bar 0.65 kwenye mizunguko 3,000, bar 0.85 kwenye 4,000, bar 0.95 kwenye 5,000, bar 0.82 kwenye 5,800. Na bar 0.70 kwenye 6,500.

Umbo la namba hizi ndilo lililotoa jibu, hata kabla ya boneti kufunguliwa. Supachaja ya aina hii haina akili ya kujipunguza. Kila ikizunguka mara moja inasukuma kiasi kilekile cha hewa, na imefungwa kwa mkanda moja kwa moja na kranki. Busti yake inapaswa kupanda na mizunguko au kubaki palepale; haishuki yenyewe. Ikishuka juu, ama hewa inatoroka mahali, ama supachaja haizunguki kwa kasi ambayo kranki inaidai.

Mambo hayo mawili hutenganishwa kwa urahisi. Tundu la kuvujisha hewa huumiza zaidi chini, kwenye mizunguko 2,500 hadi 3,500, kwa sababu hewa inayosukumwa pale ni kidogo na tundu linachukua sehemu kubwa yake. Mizunguko ikipanda, hewa inakuwa nyingi na tundu lilelile halionekani sana. Hapa mambo yalikuwa kinyume: chini busti ilikuwa nzuri kabisa, ikaanguka pale mzigo ulipokuwa mkubwa. Vali ya kuzungushia hewa, ile inayofungwa ukikanyaga mafuta, nayo ikikataa kufunga busti hupungua tangu mwanzo. Na kama kompyuta ingekuwa inarudisha nyuma muda wa moto (wakati wa cheche ya plagi) kwa sababu ya kugonga (petroli kulipuka vibaya ndani ya silinda), nguvu ingepungua lakini presha ingebaki. Data ilionyesha muda wa moto haujarudi nyuma kwa kiasi cha kutisha.

Hata hivyo hewa ilikaguliwa, kwa sababu intakula ya gari hili (kipoza hewa inayotoka kwenye supachaja) imekaa juu ya injini na mipira miwili inayoiunganisha huchanika mara kwa mara kwenye mikunjo. Mipira ilikuwa mizima, klampu zimekaza.

Kipimo cha mwisho kilihitaji dakika mbili tu. Baada ya kukimbiza gari mara tatu mfululizo, injini ilizimwa na puli zote zikapimwa joto kwa mashine ya mwanga, ile inayosoma joto bila kugusa. Puli ya supachaja ilikuwa na moto kuliko majirani zake wote kwa tofauti kubwa. Puli inayoshikwa vizuri na mkanda haipati moto hivyo. Inayopata moto ni ile ambayo mkanda unaisugua.

Kwa nini mkanda ulishindwa

Watu wengi huinunua puli ndogo wakiiona ni kipande kimoja cha chuma, wakati kazi yenyewe ni ya mkanda. Hesabu inaonyesha.

Puli ya kiwandani ina kipenyo cha takribani milimita 65, na kranki huizungusha supachaja kwa kasi ya mara mbili na kidogo, tuseme 2.05. Ukipunguza kipenyo kwa 15%, kasi haiongezeki kwa 15% bali kwa 17.6%, kwa sababu unagawanya kwa 0.85. (Puli ya 17% huongeza kasi kwa 20.5%, na ya 19% kwa 23.5%. Wauzaji hutaja kipenyo, supachaja inaisikia kasi.) Injini ikiwa kwenye mizunguko 6,500, supachaja inatoka kwenye takribani 13,300 na kufika takribani 15,700.

M45 husukuma inchi za ujazo 45 kwa mzunguko mmoja, sawa na lita 0.737. Kwa puli ya kiwandani hiyo ni lita 1.51 kwa kila mzunguko wa kranki, huku injini yenyewe ikimeza lita 0.8. Kwa puli ndogo inakuwa lita 1.78. Hewa ya ziada haina pa kwenda, hivyo presha inapanda: palipokuwa na bar 0.8 hivi juu kabisa, sasa panatarajiwa kuwa na bar 1.0 hadi 1.05.

Sasa angalia mkanda. Nguvu inayohitajika kuzungusha supachaja ya namna hii ni ujazo wa hewa kwa sekunde ukizidishwa na presha inayoshindana nayo. Kwa puli ya kiwandani kwenye mizunguko 6,500 ni karibu kilowati 13. Kwa puli ya 15% ni karibu kilowati 20, ukiacha msuguano wa beringi na gia. Vyote viwili vimeongezeka kwa pamoja, kasi na presha, ndiyo maana mzigo umeruka kwa zaidi ya nusu. Kasi ya mkanda wenyewe haijabadilika, kwa kuwa puli ya kranki ni ileile. Unakwenda karibu mita 45 kwa sekunde. Kwa hiyo mvuto wa ziada wote unabebwa na mpira: kutoka karibu nyutoni 290 hadi karibu 445, sawa na kutoka uzito wa kilo 29 hadi kilo 45. Na urefu wa mkanda unaogusa puli umepungua kwa 15% hiyohiyo.

Mzigo umepanda kwa nusu, mshiko umepungua, na juu ya hapo mkanda wa zamani umekuwa mrefu. Puli ikipungua kipenyo kwa milimita 10 na mkanda ukiwa umeizunguka karibu nusu duara, njia ya mkanda inafupika kwa milimita 15 au 16. Milimita hizo lazima zimezwe na mkono wa tenshena. Mkanda mpya kabisa pengine tenshena ingeumeza. Huu ulikuwa umeshatembea na kunyooka, na mkono wa tenshena ulipofikia mwisho wa safari yake ukaegemea kizuizi chake cha chuma. Kuanzia hapo springi haivuti mkanda tena; inasukuma kizuizi. Mkanda unabaki na mkazo kidogo uliobaki nao, wa kutosha kuzungusha oltaneta na kompresa ya AC, usiotosha kubeba kilo 45.

Busti ya bar 0.70 kwenye mizunguko 6,500 iko chini hata ya ile ambayo gari lingetoa na puli yake ya kiwandani. Hiyo ina maana zaidi ya 15% ya mizunguko ya supachaja ilikuwa inapotelea kwenye mpira unaoteleza. Programu mpya ya kompyuta ingeongeza petroli kwa hewa ambayo haipo.

Kilichoonekana baada ya kufungua

Mkono wa tenshena ulikuwa umeegemea kizuizi, kama hesabu ilivyodai. Mkanda wa mistari 6 ulikuwa unang'aa kama kioo kwenye kuta za mistari, na kingo yake ya nje imechakaa kwa upande mmoja.

Kuchakaa kwa upande mmoja hakutokani na urefu. Ni dalili ya puli isiyo kwenye mstari. Rula ya chuma ilipowekwa kwenye uso wa puli ya supachaja na ile ya jirani, tofauti ilikuwa milimita 1.5: puli mpya ilikuwa imebaki nje, haikufika mwisho wa shafti. Kanuni inayotumika kwa mikanda ya mistari ni kutovuka karibu milimita 6 kwa kila mita ya mkanda kati ya puli mbili, yaani milimita 0.6 kwa kila sentimita 10. Hapa umbali kati ya puli hizo mbili ulikuwa kama sentimita 12. Ilikuwa mara mbili ya kinachovumilika.

Dawa ya kunyamazisha mkanda nayo ilikuwa imefanya kazi yake mbaya. Inalainisha mpira juu juu, inakamata vumbi, na mchanganyiko huo unajaa kwenye mifereji ya puli hadi mistari ya mkanda haifiki chini. Mifereji ya puli zote ilikuwa na utando mweusi mgumu.

Jambo moja lilikaguliwa kwa uangalifu wa pekee kabla ya kuamua: puli ya kranki. Puli hiyo ni vipande viwili, kitovu na ukingo, vilivyounganishwa na mpira unaopunguza mtetemo, na kwenye injini hii mpira huo hupasuka na umri. Ukipasuka, ukingo unateleza juu ya kitovu na dalili zote zinakuwa zilezile za mkanda unaoteleza. Mtu anaweza kubadilisha mikanda mitatu bila kupona. Njia ya kupima ni kuchora mstari wa rangi unaovuka kutoka kitovu hadi ukingo, kuliendesha gari kwa nguvu, kisha kuangalia kama mstari umekatika. Mstari wa gari hili ulibaki umenyooka, na ukingo haukuyumba injini ikinguruma bila mzigo. Puli ya kranki ikabaki.

Tenshena haikubaki. Dampa yake, kile kipande chenye umbo la shokabsoba ndogo, kilikuwa kimelowa mafuta na mkono ulirudi bila upinzani wowote. Tenshena isiyo na dampa hucheza, na kila inapocheza mkanda unalegea kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kwa puli ya kiwandani hilo huvumilika miaka. Kwa puli ndogo halivumiliki.

Puli ilibakije nje?

Puli hii haikazwi kwa nati. Inakaa kwenye shafti kwa kubanwa: shimo lake ni dogo kuliko shafti kwa sehemu ndogo ya milimita, na hupanuliwa kwa joto ili liingie. Chuma kikitoka nyuzi 20 hadi nyuzi 200 za selsiasi, shimo hupanuka kwa karibu milimita 0.02 kwa kila milimita 10 za kipenyo. Ni nafasi ndogo sana, na huanza kufungwa mara tu puli ya moto inapogusa shafti ya baridi. Aliyeifunga alikuwa na sekunde chache. Akisita, akiirudisha nyuma kurekebisha mkao, au akiwa hajaipasha hadi ndani, inashika katikati ya njia. Ndicho kilichotokea.

Ikishika hivyo, kishawishi cha kwanza ni nyundo. Nyundo isiguse shafti ya supachaja kwa sababu yoyote. Pigo linapita kwenye shafti hadi kwenye beringi na gia za mbele, na kutoka hapo hadi kwenye rota mbili zinazozunguka karibu karibu bila kugusana. Nafasi kati yake ni ndogo mno, na rota iliyosogezwa itaanza kukwangua nyumba yake. Hapo si puli tena, ni supachaja nzima. Aliyefunga hii, kwa bahati njema, hakupiga. Supachaja ilizungushwa kwa mkono mkanda ukiwa umetolewa, ikazunguka laini bila mkwaruzo wala mchezo wa mbele na nyuma.

Kazi yenyewe

Injini iwe imepoa kabisa, betri ikatwe. Gari liinuliwe upande wa kulia wa mbele, gurudumu litoke, na kinga ya plastiki ya ndani ya fenda itoke ili njia yote ya mkanda ionekane kutoka chini. Injini ishikiliwe kwa jeki yenye kipande cha ubao chini ya sampu (beseni la mafuta chini ya injini), ibebwe tu, isinyanyuliwe kwa nguvu. Tangi la kulanti lifunguliwe bolti zake na kusogezwa kando bila kukata hosi. Likaguliwe kwenye mshono wake wa katikati, kwa maana plastiki hii hupasuka hapo. Kisha mauntingi (kishikio) ya kulia ya injini itoke. Ikiwa imevuja kioevu chake, ni siku yake ya kubadilishwa, kwa kuwa kuifikia tena ni kurudia nusu ya kazi. Jeki ikipandishwa kidogo, puli ya supachaja inatokeza kwenye nafasi ya kutosha pula (kifaa cha kuvutia puli) kuingia.

Njia ya mkanda ipigwe picha kabla haujatolewa. Tenshena ibanwe kwa kifaa chake na pini ya kuizuia iingizwe. Bisibisi ndefu inayotumiwa badala yake huchomoka, na springi hiyo ina nguvu ya kuvunja kidole.

Kabla pula haijaguswa, pima kwa kalipa umbali kutoka ncha ya shafti hadi uso wa puli. Kipimo hiki kichukuliwe puli ya kiwandani ikiwa bado mahali pake, kwa sababu ndicho pekee kitakachokuambia baadaye kama puli mpya imefika. Aliyeifunga puli hii mara ya kwanza hakukichukua, na safari hii mkao ulipatikana kwa rula dhidi ya puli za jirani, njia inayofaa lakini inayochukua muda mrefu zaidi.

Pula iwe ile ya vipande viwili inayokumbatia puli kutoka nyuma. Pula ya makucha matatu inashika ukingo, na ukingo wa puli hupinda kabla puli haijasogea. Ikikataa, pasha puli kwa bunduki ya hewa moto, ukielekeza hewa kwenye ukingo na kwa vipindi vifupi. Nyuma yake tu kuna sili ya mafuta ya supachaja. Moto wa gesi unafika kwenye sili hiyo haraka kuliko unavyodhani, na sili ikikauka mafuta ya gia za mbele yatavuja polepole bila taa yoyote kuwaka. Katika gari hili puli ilitoka bila moto, kwa sababu ilikuwa imeshika kwa nusu tu ya urefu wake.

Shafti ilikuwa na mikwaruzo miwili ya urefu. Ilisafishwa kwa msasa laini sana, kwa kulenga vilele vya mikwaruzo pekee, bila kuizunguka yote; shafti inayopunguzwa haibani tena. Kisha ikafutwa kwa dawa ya kusafishia breki hadi kitambaa kikatoka cheupe. Shafti na shimo viwe vikavu. Grisi hairuhusiwi hapa.

Puli iliwekwa kwenye oveni ya umeme kwa nyuzi 200 kwa dakika 40. Muda una maana kuliko kipimo cha mwanga, kwa sababu chuma kinachong'aa hudanganya mashine hiyo: inasoma chini kuliko hali halisi, na mtu anaendelea kupasha bila mwisho, au anapima upande wenye rangi na kudhani ndani kumefika. Dakika 40 zinahakikisha joto limepenya hadi kwenye kitovu. Wakati puli iko ndani, kila kitu kingine kiwe tayari: glavu nene za ngozi, upande wa puli unaoangalia nje umeshawekwa alama, kifaa cha kusukumia kimekaa mkononi, njia iko wazi. Puli inaingizwa kwa msukumo mmoja ulionyooka, haizungushwi wala kurudishwa, na inashikiliwa mwisho wa safari hadi ishike, kiasi cha sekunde 20. Ikisimama katikati, inamaliziwa hapohapo kwa kifaa cha kusukumia ikiwa bado ya moto. Ikishapoa, acha, ivute tena na uanze upya. Iachwe ipoe yenyewe. Maji hayamwagwi.

Rula ilionyesha tofauti isiyofika nusu milimita.

Mkanda mpya ulichaguliwa kwa kusoma namba za ule wa zamani. Kwenye mikanda hii herufi PK hutanguliwa na idadi ya mistari na kufuatwa na urefu kwa milimita, kwa hiyo ukijua urefu wa kiwandani unatoa 15 na kutafuta ulio karibu zaidi na hapo. Ukiwa mfupi mno, tenshena itakaa mwisho wa upande wa pili, springi imebanwa kupita kiasi, na beringi za supachaja na oltaneta zitalipa. Hukumu ya mwisho ni mkono wa tenshena wenyewe: mkanda ukiwa mahali pake na pini imetolewa, mkono ukae kwenye theluthi ya kati ya safari yake, mbali na vizuizi vyote viwili. Wapo wanaokwangua kizuizi cha tenshena kwa tupa ili mkono ufike mbali zaidi na mkanda wa zamani uendelee kutumika. Ni njia ya kupata wiki chache, na haifai kwenye gari litakaloendeshwa kwa mizunguko ya juu.

Mifereji ya puli zote ilisafishwa kwa brashi ya nailoni na dawa ya breki, mmoja mmoja, kuondoa utando ule. Bila hatua hiyo mkanda mpya ungeanza kuteleza siku ya kwanza. Puli ya kuongozea ilizungushwa kwa mkono. Beringi yake ilikuwa kimya, ikabaki.

Plagi

Plagi za kiwandani, NGK BKR6EQUP, zilitolewa. Hazikuwa zimeharibika. Zilibadilishwa kwa BKR7EQUP, ambazo kwa mpangilio wa NGK ni baridi zaidi kwa daraja moja: namba ikipanda, plagi inatoa joto haraka. Sababu ni kwamba puli ndogo haileti presha peke yake. Kwa ufanisi wa 55%, hewa ya nyuzi 25 inayobanwa hadi bar 0.8 hutoka kwenye supachaja ikiwa karibu nyuzi 124. Ikibanwa hadi bar 1.05 inatoka ikiwa karibu nyuzi 150. Intakula iliyo juu ya injini hupata hewa ya kupoza kutoka kwenye tundu la boneti tu, na kwenye foleni haipati kitu. Ncha ya plagi yenye moto kupita kiasi inaweza kuwasha petroli kabla ya cheche. Daraja moja linatosha kwa puli ya 15%; madaraja mawili yataleta plagi zinazojaa masizi kwenye safari fupi.

Petroli iwe ya oktani 98. Kwa 95 gari litakwenda, lakini kompyuta itarudisha muda wa moto nyuma kila hewa ikipata joto, na sehemu ya faida ya puli itarudishwa palepale.

Matokeo

Barabara ileile, gia ileile: bar 0.67 kwenye mizunguko 3,000, 0.87 kwenye 4,000, 0.97 kwenye 5,000, 1.01 kwenye 5,800, 1.04 kwenye 6,500. Mstari unapanda hadi mwisho. Puli ya supachaja ilikuwa na joto linalokaribiana na la jirani zake. Nozeli za petroli hazikuguswa, wala programu ya kompyuta.

Tofauti kati ya vipimo vya kwanza na vya pili kwenye mizunguko 3,000 ni bar 0.02 tu. Hii ndiyo sababu gari lilionekana zima kwa anayeliendesha mjini.

Tenshena inakaguliwa tena baada ya kilomita 500, kwa kuwa mkanda mpya hunyooka zaidi mwanzoni, kisha baada ya 1,000. Kinachotazamwa ni mkao wa mkono na vumbi jeusi chini ya boneti. Vumbi likirudi, rula inarudi kwenye puli kabla mtu hajanunua mkanda mwingine.

Limebaki jambo moja ambalo halikufanyika siku ile na linapaswa kufanyika kabla gari halijafika kilomita 150,000. Kwenye injini hii pampu ya maji haina mkanda wake. Inazungushwa na gia zilizo nyuma ya supachaja, ambazo zina mafuta yao machache yaliyofungiwa humo. Mafuta hayo hukauka taratibu, na taa ya kuonya haipo. Gia zikikauka zinalika, pampu inasimama, na injini inapata moto ghafla huku mkanda ukizunguka vizuri. Puli ya 15% inazizungusha gia hizo na pampu yake kwa kasi ya 17.6% zaidi, kila dakika, hata gari likiwa limesimama kwenye taa. Kuyafikia mafuta hayo ni lazima supachaja itoke, kazi ya siku nzima. Gari lenye umri huu ambalo halijawahi kufunguliwa hapo lilistahili kufunguliwa kwanza na kuwekewa puli baadaye. Kwa hili, ambalo puli yake imeshafungwa, mwenye gari ameelekezwa kuangalia kipimo cha joto kwenye kila mlima mrefu, na kuzima injini mara moja kikianza kupanda.